Mabadiliko ya Mwili Baada ya Kujifungua: Ya Kawaida, ya Kutibiwa na Yasiyosubiri

Mama aliyejifungua wiki sita zilizopita amepanda daladala kumpeleka mtoto wake kliniki. Kila gari linapopita kwenye shimo, anahisi nguo yake ya ndani imelowa. Kituoni mtoto anapimwa uzito, anapata chanjo, na kadi yake inajazwa. Kisha muuguzi anamgeukia mama na kumuuliza, "Na wewe mama, unaendeleaje?" Mama anajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Anafunga kanga yake vizuri, anambeba mtoto na kurudi nyumbani na tatizo lake lile lile.

Tukio la namna hii huweza kutokea katika zahanati yoyote nchini, siku yoyote ya kliniki. Mama hakudanganya kwa nia mbaya, bali aliona aibu. Hata hivyo, jibu lake lilifunga mlango wa msaada ambao ulikuwa mbele yake, kwa kuwa mkojo unaotoka bila kukusudia baada ya kujifungua ni jambo linalojulikana kitaalamu, linalowapata wanawake wengi, na ambalo katika hali nyingi hupungua au kuisha kwa mazoezi yasiyohitaji fedha wala vifaa.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Methali hii hutumika sana kumhimiza mjamzito asione haya mbele ya mkunga. Lakini maana yake haiishii katika chumba cha kujifungulia. Wiki na miezi inayofuata huja na mabadiliko mengi ya mwili ambayo mama huyaonea aibu, na mengi kati ya hayo ni madogo, ya muda, na yana namna ya kuyashughulikia. Machache ni dalili za hatari. Mama anayenyamaza hukosa nafuu katika yale madogo, na anaweza kuchelewa katika yale makubwa.

Kwa nini mwili hubadilika

Mara tu baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi huwa na uzito wa takriban kilo 1. Katika muda wa wiki sita hivi hunywea hadi kufikia takriban gramu 60. Maumivu ya tumbo yanayofanana na ya hedhi, ambayo mama huyahisi hasa anaponyonyesha katika siku za mwanzo, hutokana na kazi hiyo ya mfuko wa uzazi kujikaza na kurudi katika ukubwa wake.

Wakati huohuo, homoni zilizokuwa zikitengenezwa kwa wingi na kondo la nyuma hushuka ghafla baada ya kondo kutoka. Maji ya ziada yaliyokuwa yamehifadhiwa mwilini wakati wa ujauzito huanza kutoka kwa njia ya mkojo na jasho. Misuli ya tumbo na ya nyonga, iliyobeba uzito wa mimba kwa miezi kadhaa, huwa imelegea. Mwili uliojijenga kwa miezi tisa hauwezi kurejea ulivyokuwa kwa siku saba, na katika baadhi ya mambo haurejei kabisa, bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kipindi cha wiki sita, yaani siku 42 baada ya kujifungua, ndicho wataalamu wa afya hukihesabu kuwa kipindi cha uangalizi wa mzazi. Hakiko mbali na siku arobaini ambazo jamii nyingi za pwani na bara zimekuwa zikimpumzisha mzazi. Mila na tiba zinakubaliana hapa kuwa mama aliyejifungua bado anahitaji kuangaliwa.

Mkojo kutoka bila kukusudia

Tafiti za kimataifa zinaonesha kuwa takriban theluthi moja ya wanawake hupatwa na tatizo la mkojo kutoka bila kukusudia baada ya kujifungua. Mara nyingi hutoka kidogo pale mama anapokohoa, kupiga chafya, kucheka, kuinua ndoo au kuruka. Chanzo chake ni kulegea kwa misuli iliyotandazwa chini ya nyonga kama machela, ambayo kazi yake ni kushikilia kibofu cha mkojo, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Mama aliyejifungua kwa upasuaji naye anaweza kupatwa na hali hii, kwa sababu ujauzito wenyewe huielemea misuli hiyo.

Njia ya kwanza ya kukabiliana nayo ni mazoezi ya misuli ya nyonga. Mazoezi haya yalipata umaarufu kutokana na kazi ya daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeyaandikia katika mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo yanayopendekezwa kwanza kabla ya dawa au upasuaji. Mama huyafanya hivi:

Kwanza, aitambue misuli inayohusika. Ni ile ambayo mtu huikaza anapozuia mkojo na upepo kwa pamoja. Tumbo, mapaja na makalio yasikazwe, na pumzi isizuiwe.

Pili, aikaze kana kwamba anaivuta juu, aishikilie kwa sekunde chache, kisha aiachie taratibu na kupumzika kwa muda kama huo. Arudie mara 8 hadi 10.

Tatu, afanye hivyo mara 3 kwa siku, akiwa amelala, amekaa au amesimama. Nguvu ikiongezeka, muda wa kushikilia nao uongezwe hadi kufikia sekunde 10.

Nne, aizoeze misuli hiyo kufanya kazi wakati inapohitajika, kwa kuikaza kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua mzigo.

Mazoezi haya yanaweza kufanyika mama anaponyonyesha, anapochambua mchele au anapokuwa ndani ya daladala, na hakuna atakayejua. Yanaweza kuanza siku chache baada ya kujifungua, mara mama anapojisikia vizuri. Kama amewekewa mpira wa mkojo, asubiri utolewe na mkojo utoke kama kawaida. Matokeo yake hayaji kwa wiki moja. Inapendekezwa kuendelea kwa angalau miezi mitatu. Jambo la kuepuka ni kuyafanya mara kwa mara kwa kukatisha mkojo katikati ya haja, kwani tabia hiyo huweza kufanya kibofu kisitoe mkojo wote.

Wanawake wengine hupunguza kunywa maji ili wasilowe. Uamuzi huo huleta madhara. Mkojo mzito hukiwasha kibofu, choo huwa kigumu, na mama anayenyonyesha huhitaji maji zaidi. Ni vyema anywe maji ya kutosha, aende haja ndogo kwa utulivu na asiharakishe kutoka kabla kibofu hakijaisha. Iwapo mkojo unamchoma, unatoka kidogo kidogo kila mara au hauwezi kutoka kabisa, hayo si masuala ya misuli kulegea pekee, na anapaswa kwenda kituoni apimwe.

Upepo, choo kigumu na bawasiri

Jambo lingine lisilotajwa ni upepo unaotoka bila mama kuweza kuuzuia, wakati mwingine mbele ya wageni waliokuja kumpa hongera. Chanzo chake huwa kilekile cha misuli ya nyonga iliyolegea au iliyojeruhiwa wakati wa kujifungua, na mazoezi yaliyoelezwa hapo juu husaidia hapa pia. Hata hivyo, kama choo chenyewe kinatoka bila kukusudia, hata kwa kiasi kidogo cha kuchafua nguo, mama asisubiri. Huenda misuli ya njia ya haja kubwa ilichanika na inahitaji kuchunguzwa na daktari. Tatizo hilo linatibika.

Choo kigumu ni cha kawaida katika siku za kwanza. Mama huogopa kujikamua kwa sababu ya nyuzi, amelala kitandani muda mrefu, na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa navyo huweza kukausha choo na kukipa rangi nyeusi. Vidonge hivyo asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amweleze mtoa huduma. Maji ya kutosha, papai, maembe, parachichi, mboga za majani, maharage na ugali wa dona ni msaada ulio karibu na nyumba nyingi. Kutembea taratibu nako huuamsha utumbo.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba katika njia ya haja kubwa. Huweza kujitokeza mwishoni mwa ujauzito au wakati wa kusukuma mtoto, ikaleta muwasho, uvimbe na damu nyekundu kidogo wakati wa haja. Kwa wazazi wengi hunywea yenyewe katika wiki zinazofuata. Mama hupata nafuu kwa kukaa katika beseni la maji safi ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, kuepuka kujikamua na kutokaa chooni muda mrefu. Zipo dawa za kupaka na za kulainisha choo ambazo anayenyonyesha anaweza kupewa, lakini azipate kwa ushauri wa mtoa huduma. Damu inayozidi au maumivu makali yanahitaji uchunguzi, kwani si kila damu ya haja kubwa ni bawasiri.

Damu ya uzazi, nyuzi na maji ya moto

Damu ya uzazi hutoka kwa wanawake wote, waliojifungua kwa njia ya kawaida na kwa upasuaji. Siku tatu au nne za mwanzo huwa nyekundu na nyingi, kisha hupungua na kuwa ya rangi ya waridi au kahawia, na baadaye hugeuka majimaji ya manjano au meupe ambayo huweza kuendelea hadi wiki ya nne au ya sita. Kuongezeka kidogo mama anaponyonyesha au anapoinuka baada ya kulala ni kawaida. Harufu yake hufanana na ya hedhi. Harufu mbaya ya kuoza si ya kawaida.

Mama aliyechanika au aliyeongezewa njia huwa na nyuzi katika msamba. Maumivu na kuvutavuta kwa siku kadhaa hutarajiwa. Usafi wake ni rahisi: kuosha kwa maji safi kila baada ya haja, kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma, kubadilisha pedi au kitambaa safi kila baada ya saa chache na kunawa mikono kabla na baada. Vitambaa vya kufuliwa vianikwe juani vikauke kabisa, visifichwe uvunguni vikiwa na unyevu kwa sababu ya aibu.

Hapa ndipo inapofaa kusema wazi juu ya desturi ya kumkanda mzazi. Maji ya uvuguvugu huleta utulivu wa mwili, na mikono ya mama au shangazi anayemhudumia mzazi ni faraja isiyo na bei. Lakini maji yanayochemka hayaondoi damu iliyobaki wala hayakazi mfuko wa uzazi. Mfuko hujikaza wenyewe, na kunyonyesha huusaidia. Maji ya moto sana huunguza ngozi na kuharibu nyuzi, na kidonda cha upasuaji hakipaswi kukandwa wala kukandamizwa. Vilevile, shabu, mitishamba, vidonge na vitu vingine vinavyouzwa kwa madai ya kukaza uke visiingizwe ukeni. Hukausha na kuchubua ngozi laini ambayo bado inapona, na hufungua njia kwa maambukizi.

Tumbo, ngozi, nywele, matiti na jasho

Wanawake wengi hushangaa kuona kuwa tumbo bado limejaa siku kadhaa baada ya mtoto kutoka, na wengine huulizwa kama kuna pacha aliyebaki. Mfuko wa uzazi haujanywea, na misuli miwili ya mbele ya tumbo huwa imeachana katikati. Kwa wengi, nafasi hiyo hupungua katika wiki na miezi inayofuata. Mkaja, kile kitambaa cha kufunga tumbo ambacho mabibi wamekitumia kwa vizazi vingi, unaweza kumpa mama hisia ya kushikiliwa anapoinuka au kutembea. Hauyeyushi mafuta wala hauunganishi misuli. Ukifungwa kwa kubana mno huelekeza mgandamizo chini, kwenye misuli ileile ya nyonga inayotakiwa kupumzika, na huweza kuongeza kuvuja kwa mkojo. Ufungwe kwa kiasi ambacho mama anapumua na kula bila taabu. Pale ambapo uvimbe unajitokeza katikati ya tumbo na hauishi baada ya miezi kadhaa, mtaalamu wa afya auangalie.

Michirizi ya tumbo, mapaja na matiti hutokana na ngozi kutanuka. Haifutiki kabisa, ila rangi yake hufifia kwa miezi. Madoa meusi ya usoni na mstari mweusi wa tumboni navyo hupungua kadiri homoni zinavyotulia. Tahadhari inahitajika kwa krimu zinazodaiwa kuondoa madoa kwa haraka. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa sababu ya madhara yake kiafya, na zebaki humdhuru pia mtoto anayepakatwa na kunyonya.

Nywele nazo zina hadithi yake. Wakati wa ujauzito, homoni huzifanya nywele zisianguke kwa kasi ya kawaida, hivyo huonekana zimejaa. Miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua, zile zilizochelewa kuanguka hudondoka kwa pamoja, zikaonekana kwa wingi kwenye chanuo na mto. Mama huweza kudhani ana ugonjwa mkubwa au amerogwa. Kwa kawaida nywele huota tena na kurejea katika hali yake kabla mtoto hajafikisha mwaka mmoja. Misuko inayovuta sana isukwe baadaye. Kama nywele zinaendelea kudondoka baada ya muda huo, au mama anachoka kupita kiasi, apimwe wingi wa damu na utendaji wa tezi ya thairoidi.

Maziwa yanayochuruzika na kulowesha nguo mtoto anapolia, hata mtoto wa jirani, ni ishara kwamba mwili unafanya kazi yake. Kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa ndani ya sidiria na kubadilishwa kinapolowa hutosha. Baada ya wiki chache za kunyonyesha, hali hiyo hutulia kwa wengi. Titi linalokuwa gumu, jekundu na lenye maumivu, likiambatana na homa, linahitaji matibabu, na kwa kawaida mama huendelea kunyonyesha huku akitibiwa.

Jasho jingi usiku katika wiki za mwanzo ni njia ya mwili kutoa maji ya ziada. Nguo nyepesi na shuka la kubadilisha vinatosha. Jasho linaloambatana na homa au kutetemeka ni suala tofauti, na mama anapaswa kupimwa siku hiyohiyo.

Tendo la ndoa baada ya kujifungua

Ukavu ukeni ni jambo la kawaida kwa mama anayenyonyesha, kwa kuwa homoni ya estrojeni huwa chini. Hali hiyo si dalili kwamba upendo umeisha au kwamba mke ana mwingine. Wanandoa wasubiri mpaka damu ikome, vidonda vipone na mama awe tayari mwilini na moyoni. Mahudhurio ya wiki ya sita ni nafasi nzuri ya kuuliza. Vilainishi vya maji vinavyouzwa katika maduka ya dawa husaidia. Maumivu yanayoendelea yaelezwe kwa mtoa huduma. Wenza wakumbuke pia kuwa mwanamke anaweza kupata ujauzito mwingine kabla hedhi haijarudi, hivyo mazungumzo ya uzazi wa mpango yasisubiri hedhi.

Tatizo litajwe kwa jina lake

Kiswahili kina tafsida nyingi za kulinda staha, na staha ni jambo jema. Hata hivyo, mama anaposema "huko chini hakuko sawa", mtoa huduma hawezi kujua kama ni mkojo, choo, nyuzi, uchafu au maumivu. Kila moja kati ya hayo lina chanzo na tiba yake. Sentensi moja iliyo wazi inatosha: "Nikikohoa mkojo unatoka." "Siwezi kuzuia upepo." "Kuna kinyama kimetokea njia ya haja kubwa." "Uchafu unaotoka unanuka." Kama kuna watu wengi chumbani, mama ana haki ya kuomba kuzungumza faragha.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linapendekeza mama na mtoto wabaki kituoni kwa angalau saa 24 baada ya kujifungua salama, kisha wapate mahudhurio mengine yasiyopungua matatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Katika kila hudhurio, mama anatakiwa kuulizwa kuhusu mkojo, choo, uponaji wa kidonda, matiti, maumivu, uchovu, damu ya uzazi na hali yake ya kihisia. Maswali hayo ni sehemu ya huduma kama ulivyo uzito wa mtoto. Yasipoulizwa, mama ana haki ya kuyaanzisha yeye.

Kuvuja kusikokoma: fistula

Kuna tofauti kati ya mkojo unaotoka kidogo mtu anapokohoa na mkojo unaochuruzika mfululizo, usiku na mchana, hata mama akiwa amelala. Huo wa pili huweza kuwa fistula ya uzazi, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa, linalosababishwa hasa na uchungu wa muda mrefu uliokwama bila msaada wa haraka. Fistula hailetwi na laana, uzinzi wala uchafu. Wanawake wengi walioishi nayo walijitenga na jamaa, wakaacha kwenda ibadani na sokoni, na baadhi yao wakaachwa na waume zao, ilhali ugonjwa huo hutibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazotoa matibabu hayo bila malipo kwa mgonjwa. Mama anayegundulika mapema, katika siku na wiki za mwanzo, wakati mwingine hupona kwa kuwekewa mpira wa mkojo pekee. Hii ni sababu nyingine ya kutonyamaza, maana aibu inayoficha tatizo dogo la misuli ndiyo hiyohiyo inayoficha fistula.

Dalili zisizosubiri

Mama aliyejifungua, au yeyote anayeishi naye, atafute huduma mara moja anapoona mojawapo ya dalili hizi: damu nyingi inayojaza pedi moja ndani ya saa moja au yenye mabonge makubwa, homa au baridi kali, uchafu wenye harufu mbaya, usaha au kidonda kufumuka, maumivu makali ya tumbo, kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au degedege, kwani kifafa cha mimba huweza kutokea hata baada ya kujifungua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida au maumivu ya kifua.

Huzuni na machozi ya siku chache za mwanzo hupita kwa wengi. Huzuni inayozidi wiki mbili, kukosa hamu ya kula au kumjali mtoto ni ugonjwa unaotibika, na mama apelekwe kituoni. Akiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake na apelekwe siku hiyohiyo. Kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, mfumo wa usafiri wa M-mama hupatikana kwa kupiga simu bila malipo namba 115.

Wajibu wa familia na mwajiri

Mama mkwe, wifi na shangazi wanaokuja kumhudumia mzazi ndio wa kwanza kuona mabadiliko haya. Neno lao moja huweza kumfanya mama aseme au anyamaze. Mume naye ana nafasi yake: kuinua ndoo na gunia ambalo mke hapaswi kuliinua, kumsindikiza kliniki, kutomcheka nywele zinapodondoka na kutomharakisha katika tendo la ndoa.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa pia muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Mwajiri anayeheshimu masharti haya, na anayehakikisha choo safi chenye maji kinapatikana kazini, humwondolea mama sehemu kubwa ya fadhaa.

Mama yule wa kwenye daladala bado ana nafasi. Hata kama wiki ya sita imepita, milango ya zahanati haijafungwa. Mazoezi ya misuli ya nyonga huweza kusaidia hata yakianza miezi kadhaa baadaye, na mtoto atarudi kliniki kwa uzito na chanjo nyingine. Siku hiyo, muuguzi atakapouliza hali yake, amshukuru Mungu kama kawaida, kisha aongeze sentensi ile moja aliyoificha.